Kwa nini Rudisha alikimbia mbele?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijiweni tunabishana. Wenzangu wanasema kuongoza mbio za mita 800 tangu mwanzo ni kujichosha bure. Mbona Mkenya David Rudisha alishinda hivyo Olimpiki ya London 2012?

JIBU: Wana hoja, ila wameisahau kona: anayeongoza hukaa leni ya kwanza, ya ndani, na anayetaka kumpita hulazimika kutoka nje. Leni moja ina upana wa mita 1.22. Ukizunguka kona nzima ukiwa leni ya pili, umekimbia karibu mita 3.8 zaidi, yaani kama nusu sekunde kwa kasi ya fainali. Emmanuel Wanyonyi alitwaa dhahabu ya Paris 2024 akimzidi Marco Arop kwa sekunde 0.01 tu!

Rudisha hakuwa na mweka kasi, yaani mkimbiaji anayepangwa kuongoza mwendo kwa ajili ya wengine; Olimpiki hawapo. Mzunguko wa kwanza alitumia sekunde 49.28, wa pili 51.63. Jumla 1:40.91, rekodi ya dunia ambayo hata Paris haikufikiwa. Kwetu sisi, hakuna mbio za mita 800 zilizopangwa vizuri kuliko hizo.

Kijana anayekimbia mita 800 kwa dakika 2:00 afungue mzunguko wa kwanza kwa sekunde 59, amalize wa pili kwa 61. Akifungua kwa 56, miguu itakaza kwenye kona ya mwisho na hatua zitafupika. Kupita wenzake asubiri sehemu iliyonyooka.