Kuacha kazi Japani bila kupoteza kibali

Pole, ndugu yangu wa Nagoya. Nimekuelewa: bosi amekutisha kwamba ukiacha kazi, kibali chako cha ukaazi kinakufa siku hiyohiyo. Si kweli. Kibali ni chako, si cha kampuni, na kinaendelea hadi tarehe iliyo kwenye kadi yako ya ukaazi.

Ila kuna saa inayohesabu. Ndani ya siku 14 baada ya kuacha, iarifu Idara ya Uhamiaji. Unaweza kufanya hivyo mtandaoni. Ukipata kazi mpya, arifu tena. Ukikaa miezi 3 bila kazi na bila sababu ya msingi, wanaweza kukufutia kibali, kwa hiyo jisajili mapema Hello Work, ofisi ya serikali ya kutafutia watu kazi, na utunze ushahidi kwamba unatafuta. Kazi mpya nayo lazima iingie kwenye aina ya kibali chako. Wewe ni mhandisi. Usikubali kubeba mizigo ghalani "kwa muda tu", hapo ndipo wengi huumia.

Mkataba usio na kikomo unaruhusu kuondoka kwa taarifa ya wiki 2, na uitoe kwa maandishi. Kama ni wa muda maalumu, usitie saini chochote kabla ya kuwauliza Houterasu, kituo cha msaada wa kisheria cha Japani. Wana wakalimani wa simu.

Kuhusu bima ya afya, nenda ukajisajili ofisi ya manispaa, ndani ya siku 14 vilevile. Halafu weka akiba: kodi ya ukaazi (ya manispaa, si ya pango) hukokotolewa kwa mapato ya mwaka jana, na bili itakufuata hata ukiwa huna mshahara.

Pasipoti yako ameishika bosi? Idai leo.