Muulize Mwalimu: Nafungua daftari, nashtukia ni saa saba usiku

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi na najisomea mitihani ya uhasibu ya NBAA, bodi ya wahasibu, ya Novemba. Nikishakula nafungua daftari, ujumbe unaingia, najibu, nahamia kwenye video, nashtukia ni saa saba usiku. Juzi nimenunua pochi kwa muuzaji anayeuza mubashara mtandaoni, kwa pesa ya kukopa kwenye simu, na ada ya mtihani sijalipa. Mama anasema sina msimamo. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

Marahaba mwanangu. Mama mpe heshima yake, ila hapa siko upande wake. Mchana kutwa wateja wanakuomba saruji kwa mkopo na unawakatalia. Msimamo unao.

Pochi ile hukuichagua. Ulikuwa na usingizi, muuzaji anapiga kelele "zimebaki mbili tu dada zangu", na mkopo upo kwenye simu hiyohiyo, unatoka kwa namba ya siri tu. Angeileta pochi dukani kwako saa nne asubuhi ungekagua zipu, ungeomba apunguze, na katikati ya kupatana ungeikumbuka ada. Usiku hakuna aliyekupa nafasi ya kuikumbuka.

Na video haziishi kwa makusudi. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Mwaka 2006 mbunifu wa Kimarekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kila ukitelezesha kidole, na baadaye akajutia hadharani. Nyingi ya video zenyewe ni za hovyo (nazitazama pia, usinicheke). Kinachotukesha ni kutojua kama inayofuata itakuwa tamu.

Kwa hiyo usishindane na simu ikiwa mkononi. Ukishakula, mkabidhi mama akae nayo chumbani kwake. Mwenye shida ya kweli atapiga. Tafuta saa ya mezani ya kukuamsha, maana kisingizio cha alamu nakijua. Kifurushi cha usiku acha kununua. Kitu chochote cha kununua kiandike nyuma ya daftari, ukiamue mchana, dukani, ukiwa na kikokotoo mbele yako.

Mkopo ulipe kabla tarehe haijapita, kisha futa programu yake. Pochi kama haijatumika, iuze. Mshahara ukiingia, ada itangulie. Kusoma utaanza kesho, leo lala.