Chenga kwenye ini, na programu inayozificha

SWALI: Jambo Daktari. Mimi ni fundi wa skana ya CT hapa Bukavu, mashine yetu ni ya safu 16 za vipokezi. Kuna muuza vifaa alipita akatuwekea protokoli ya "dozi ndogo" ya tumbo, pamoja na programu ya kusafisha picha kwenye kompyuta ya kusomea. Zamani ini tulilipiga kwa kV 120 (nguvu ya eksirei) na mAs 200 (wingi wake), CTDIvol (kipimo cha dozi kwenye skrini) ikisoma mGy 13. Sasa ni mAs 90, mGy 6, vipande vya picha vya unene wa mm 1.25, awamu nne (kupiga mara nne, kabla na baada ya dawa ya kontrasti), tumbo zima. Picha zinapendeza kwa macho, lakini daktari anayesoma analalamika kwamba ini halisomeki, na wagonjwa wawili wametumwa Kigali kurudia kipimo. Niongeze nguvu ya programu au nirudishe dozi? Familia nazo zinauliza kama maziwa yanatoa mionzi mwilini.

JIBU: Rudisha dozi, ndugu, ila si kwenye awamu zote nne. Na programu usiiongeze nguvu. Izime kabisa kwa ini.

Kinachopotosha watu ni mawe ya figo na mapafu. Jiwe lina HU (kipimo cha ung'avu kwenye picha) mia kadhaa, nyama ya figo inayolizunguka ina kama 30. Hata picha ikijaa chenga, yaani punjepunje zisizo za mwilini, jiwe litaonekana tu, kwa hiyo ukilipiga kwa theluthi ya dozi hujapoteza kitu. Mtu akishaona mafanikio hayo anabeba namba zilezile na kuzihamishia kwenye ini, kana kwamba tumbo lote ni nyama moja. Uvimbe wa ini mara nyingi hutofautiana na ini lenyewe kwa HU 10 hadi 20 tu, tena baada ya dawa ya kontrasti kupita.

Hesabu yako iko hivi. Chenga hufuata kipeuo cha pili: mAs ikishuka kutoka 200 hadi 90, chenga zinapanda mara 1.5. Unene wa kipande una tabia hiyohiyo: ukitoka mm 5 kwenda mm 1.25, chenga zinakuwa mara 2. Zidisha, unapata mara 3. Kama kipande cha zamani cha mm 5 kilikuwa na chenga za HU 10, leo una HU 30, na humo ndimo daktari anatafuta uvimbe wenye tofauti ya HU 15. Usiniamini mimi, pima mwenyewe: chora duara la upana wa kama sm 1.5 upande wa kulia wa ini, mbali na mishipa, kisha soma namba ya SD, ambayo ndiyo kipimo cha chenga, iliyo chini ya wastani. Kwa kipande cha mm 5, ukiona 10 hadi 14 uko pazuri.

Sasa washa programu upime tena. SD itashuka, pengine hadi 9, na hapo ndipo wengi wanaposhangilia. Programu ya namna hiyo inachukua picha iliyokwisha kutengenezwa na kuchanganya nukta jirani. Ukingo wa mfupa, aota na figo unabaki umesimama kwa sababu tofauti yake ni kubwa, ndiyo maana picha inapendeza. Doa hafifu la mm 8 halina ukingo wa kujitetea, linachanganywa na jirani zake hadi ini zima linakuwa laini kama nta. Taarifa ambayo mionzi haikuikusanya haizaliwi kwenye kompyuta. Zipo skana zinazotengeneza picha kwa njia ya marudio kutoka data ghafi ya mashine, na hizo ni kitu kingine, zinasaidia kweli. Lakini hata hizo, kwa ini, mimi nisingepunguza zaidi ya robo ya dozi, na kwa nguvu ya katikati.

Dozi yako inapotea kwingine. Awamu nne za sm 45 kwa mGy 6 ni DLP (dozi mara urefu uliopigwa) ya 1080. Mgonjwa anayetafutiwa mbegu za saratani ya utumbo zilizosambaa kwenye ini, kwa kawaida anatosheka na awamu moja ya mshipa wa lango, sekunde 70 baada ya kuanza kuchoma dawa: mGy 13 mara sm 45, DLP 585. Karibu nusu, na picha inasomeka! Anayeshukiwa saratani ya ini lenyewe, na kwetu wako wengi wenye hepatitisi B ya siku nyingi, huyo anahitaji awamu tatu: ya ateri, ya mshipa wa lango, na ya kuchelewa kwenye dakika 3 hadi 5, kwa sababu uvimbe wake huwaka mapema kisha hufifia kuliko ini. Ateri na kuchelewa piga ini peke yake, sm 22, lango pekee ndilo lipige tumbo zima. Jumla ni 286 na 585 na 286, yaani 1157. Hiyo ni karibu sawa na 1080 yako isiyosomeka. Awamu ya kabla ya dawa iache, isipokuwa kwa aliyekwisha kutibiwa uvimbe huo kwa kuziba mshipa au kuuchoma.

Mgonjwa mwembamba, tuseme chini ya kilo 70, mpeleke kV 100. Iodini ya dawa ya kontrasti inang'aa takriban robo zaidi na kwa mAs ileile dozi inashuka zaidi ya theluthi, kwa hiyo unayo nafasi ya kupandisha mAs kidogo. Mnene muache 120.

Mikono juu ya kichwa, daima. Ikilala ubavuni, michirizi inapita katikati ya ini na mashine inaongeza mkondo wa tyubu inayotoa eksirei, bila faida. Meza nayo: mgonjwa akikaa juu au chini ya kitovu cha ganteri, mashine inakosea ukubwa wake kwenye picha ya kwanza ya kupangia, na mkondo unaojirekebisha unafuata kosa hilo. Angalia mstari wa taa ubavuni, upite katikati ya unene wa mwili.

Dawa: ml 1.5 kwa kilo, ya mg 350 za iodini kwa ml. Kilo 60 ni ml 90, kwa ml 4 kwa sekunde, kanula ya geji 18 au 20, ikifuatiwa na ml 30 za maji ya chumvi. Kanula nyembamba ya geji 22 mkononi inaua awamu ya ateri, halafu lawama inaiendea mashine. Na umeme ukikatika ukarudi, kama tulivyozoea, pasha tyubu moto na ufanye urekebishaji wa hewa (mashine ijipime ikiwa tupu) kabla ya mgonjwa.

Maziwa: hayatoi mionzi, kwa sababu hakuna mionzi ya kutoa. Eksirei haibaki mwilini, tyubu ikizimika imekwisha, kama taa. Maji mengi ni mazuri kwa ajili ya kontrasti na figo, hilo tu. Wanaowauzia wagonjwa makaa ya kusaga na mizizi ya "kuosha skana" wanaiba, na mwenye figo mbovu anaweza kudhurika zaidi kwa mizizi kuliko kwa skana.

Mwizi wa pili ni huyo muuza vifaa, mwenye protokoli kwenye flashi. Protokoli si wimbo wa kunakili simu kwa simu. Namba za mashine nyingine, yenye kichujio kingine na safu nyingine za vipokezi, hazina maana kwako, na anayezileta hatakuwepo siku uvimbe wa sm 1 ukirudi baada ya miezi sita ukiwa umekua. Kwenye skrini yake kuna mGy 6. Hakuna mahali panapoandika mGy za Kigali, ambazo mgonjwa huyohuyo alipigwa juu ya zako.

Jambo la mwisho, maana nahisi nalo lipo. Chapisha filamu za ini kwa dirisha (eneo la HU linaloonyeshwa) la upana 150 na kitovu 100. Kwa upana wa 400 wa tumbo la kawaida doa la HU 15 linajificha hata kwenye picha safi, na filamu hiyo ikipigwa tena kwa simu na kutumwa WhatsApp, daktari wa Goma atakayeombwa maoni anakisia tu. Mpe CD. Kisha anza daftari: uzito, kV, CTDIvol, DLP, idadi ya awamu, SD ya ini, na kama daktari aliweza kusoma. Wagonjwa 20 wanatosha. Muuza vifaa akirudi, mwombe la kwake mlinganishe.