Kisima kimeingia chumvi, nichimbe zaidi?

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Tuko Langoni, Lamu. Tangu tuweke pampu maji ya kisima yamekuwa ya chumvi. Fundi asema tushuke futi 15 zaidi tutapata matamu. Tumpe kazi?

JIBU: Waalaykum salaam dada. Usimpe. Sisi tunaofanya utafiti wa maji ya ardhini huku pwani swali hili halituishi, na kila mara kuna fundi kashasema "chimba zaidi". Bara labda, lakini kisiwani wallahi ni kujiharibia! Maji yenu matamu ni mvua iliyozama mchangani, yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, sasa ukishuka unayafuata matamu au unaifuata bahari? Hesabu yake inajulikana, matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari basi chini yake yapo kama mita 40, kwa hivyo pampu ikiyashusha nusu mita tu na ikaendelea hivyo, chumvi taratibu inapanda kama mita 20. Ndiyo yaliyowapata.

Pandisha mdomo wa pampu uwe karibu na juu ya maji, vuta kidogo kidogo, kipumzishe, na upime chumvi kwa mashine ndogo ya kupimia, asubuhi kabla ya kuvuta na tena baadaye.

Kinachonikera zaidi ni wauza dawa. Klorini inaua vijidudu, chumvi haiigusi! Kuchemsha ndiyo kabisa, mvuke unakwenda chumvi inabaki. Na huyu wa kutembea na kijiti akikwambia "hapa kuna maji", Lamu ukichimba popote utakuta maji, yatakuwa matamu au ya chumvi hilo kijiti hakijui, na pesa yake ashatia mfukoni.

Na jamani si kisima chenu tu. Mji mzima unategemea mvua inayozama kwenye vilima vya mchanga vya Shela, halafu watu wanataka kujenga pale na kuzoa mchanga, vyoo vikishuka mle hakuna fundi wa kutusafishia. Wazee walikuwa na jabia, yaani matangi ya kujengwa, wakikinga mvua. Paa la mita mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 ni lita 1,000, ukipoteza kidogo zabaki 800. Hizo pesa za futi 15 nunulia tangi na mifereji kabla masika hayajaingia.