Ningoje kadi mpya za grafiki au ninunue zilizopo?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninahariri video za arusi hapa Lubumbashi kwa kompyuta yenye kadi ya grafiki ya GB 8. Tangu wateja waanze kudai picha za 4K, programu ya DaVinci Resolve husimama mara kwa mara na kunijulisha kwamba kumbukumbu ya kadi imejaa. Nasikia kuna chipu mpya za kumbukumbu zenye nafasi kubwa zaidi. Je, ningoje kadi zitakazozitumia? — Msomaji, Kamalondo

JIBU: Ndugu msomaji, ulichosikia ni kweli, lakini sikushauri ungoje.

Kwa kawaida kila chipu ya kumbukumbu huunganishwa na prosesa ya kadi kwa njia ya biti 32, na upana wa njia zote huamuliwa prosesa inapobuniwa. Kadi ya RTX 5060 ya kampuni ya NVIDIA, yenye biti 128, hubeba chipu nne za GB 2, ndiyo maana inaishia GB 8. Chipu mpya za GDDR7, kizazi kipya cha kumbukumbu ya kadi za grafiki, zina GB 3 kila moja. Kwa hizo, kadi ya upana huohuo hufika GB 12, na ya biti 256 hutoka GB 16 hadi 24, bila prosesa kuguswa. Kompyuta za mkononi zenye RTX 5090, zilizotoka mwaka 2025, zilipata GB 24 kwa namna hiyo.

Kikwazo ni upatikanaji. Chipu hizi hutegemea kampuni tatu, Samsung, SK hynix na Micron, na ndizo hizo zinazotengeneza HBM, kumbukumbu ya mashine za akili bandia, ambayo huziletea faida kubwa zaidi. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida. Basi chipu za GB 3 zinapokuwa chache, huelekezwa kwanza kwenye kadi za bei kali, kama RTX PRO 6000 yenye GB 96, na sisi wa kadi za kawaida tunabaki mwisho wa foleni. Ninasikitika kukuambia hivyo, kwa kuwa ninajua kazi yako haisubiri.

Tafuta kadi ya GB 16, hata ikiwa ni ya GDDR6, kizazi kilichotangulia chenye kasi ndogo, kama RX 9070 XT ya kampuni ya AMD. Kumbukumbu ya kasi ndogo itakuchelewesha kidogo, ilhali iliyojaa husimamisha kazi yote. Ukichagua RTX 5060 Ti, kuwa mwangalifu sana: inauzwa ya GB 8 na ya GB 16 kwa jina lilelile, kwa hiyo mfanyabiashara anayekuagizia mzigo kupitia mpaka wa Kasumbalesa aandike idadi ya GB kwenye risiti kabla hujamkabidhi dola zako. Hakikisha pia kwamba pawasaplai ya kompyuta yako inaimudu kadi hiyo.

Kwa sasa, punguza ukubwa wa picha ndani ya programu hadi 1080p unapohariri, kisha urudishe 4K wakati wa kutoa video ya mwisho.