Muulize Sonara: Pete ya nesi na pete ya makanika

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni nesi katika wodi ya wazazi, na mchumba wangu ni makanika kule barabara ya Kirinyaga. Tunafunga ndoa Desemba, kwao Kisumu. Tunataka pete za dhahabu za kuvaa kila siku, si za kufungiwa kabatini. Duka moja la Mtaa wa Biashara wametuambia tuchukue karati 22 kwa kuwa ndiyo dhahabu yenyewe. Eastleigh tukaambiwa ya Dubai haina mfano. Dada yangu anashikilia dhahabu nyeupe. Mchumba wangu naye anasema karati 9 inamtosha, mikono yake ni ya grisi. Tumsikilize nani? — Bibi harusi wa Desemba, Kayole

JIBU: Marahaba, binti yangu. Swali la kwanza ninalomuuliza kila anayeketi mbele ya meza yangu ni hili: mikono yako hufanya nini kutwa? Wewe umeshanijibu kabla sijauliza.

Karati ni hesabu ya mafungu 24. Karati 22 ina mafungu 22 ya dhahabu, na mawili yaliyobaki ni fedha, shaba au madini mengine. Ndani ya pete utaona imepigwa 916, yaani sehemu 916 kwa kila 1,000. Karati 18 hupigwa 750, karati 14 hupigwa 585, karati 9 hupigwa 375. Hiyo ya mchumba wako, basi, zaidi ya nusu si dhahabu. Ama kuhusu Dubai, watu huitaja kana kwamba ni karati. Dubai ni mji. Huko kuna karati 18, 21 na 22 kama kwingine, kwa hiyo muuzaji akikutajia Dubai, mwambie akutajie namba.

Aliyekwambia karati 22 ndiyo dhahabu yenyewe hakukudanganya, ila hakukwambia kwamba dhahabu kadiri inavyokuwa safi ndivyo inavyokuwa laini. Mimi mwenyewe nililijua hilo kwenye vitabu vya karakana, nikalipuuza nyumbani. Nilipooa nilikuwa kijana wa Ngara mwenye mkono mzuri na akili kidogo. Nikamfulia mke wangu pete ya karati 22, nyembamba kama utepe, nikiokoa gramu. Sisi watu wa Lamu nazi haikosi jikoni. Kila jioni mwenzangu yuko juu ya mbuzi anakuna, na pete imebanwa kati ya kidole na kifuu. Mwaka haujaisha pete ikawa na umbo la yai. Nikainyoosha. Ikarudi yai. Mara ya tatu akanivulia akaniwekea mezani, hakusema neno. Nikaiyeyusha, nikaongeza madini, nikamfulia nyingine ya karati 18, nene. Anayo mpaka leo, ina mikwaruzo tele lakini ni duara.

Makosa yangu hayakuwa karati peke yake. Unene ndio ulioniangusha zaidi. Wateja hutazama upana wa pete kwa sababu ndio unaoonekana, na muuzaji mjanja huwapa pete pana iliyo nyembamba kama bati. Ishike pete ubavuni, uitazame unene wake. Kwa kuvaa kila siku nataka unene wa karibu milimita 2. Pete yako ya karati 18, upana milimita 3, isiyo na nakshi, itapima kama gramu 4 hadi 5. Pesa zikipelea, punguza upana, au shuka karati 14. Unene usiuguse.

Sasa kazi yako. Wodini kuna jiki na maji ya klorini. Klorini haipatani na madini yaliyochanganywa na dhahabu. Huyala polepole, na pete ya karati ya chini inaweza kuota ufa pale pale kwenye lehemu. Glavu zitakusaidia, lakini nyumbani pia unaposafisha choo, ivue. Ukikuta kipimajoto cha zamani kimevunjika, usiisogeze pete karibu na zebaki: itanasa na kuigeuza nyeupe, na hapo hata msasa hausaidii. Jiwe usiweke. Sina ugomvi na almasi, ila kucha zinazoshika jiwe hurarua glavu, na chini ya jiwe ndipo uchafu hujificha. Muulize pia msimamizi wako wa wodi, kwani pengine hata pete bapa ni lazima ivuliwe kazini.

Dhahabu nyeupe ya dada yako ni nzuri kwa macho. Weupe ule unaong'aa aghalabu ni ngozi ya madini yaitwayo rodiamu, iliyochovywa juu. Wewe unanawa mikono mara ngapi kwa zamu moja? Ngozi hiyo itachakaa, umanjano utachungulia, nawe utakuwa ukirudi kwa sonara kuichovya tena. Zaidi ya hayo, nyeupe nyingine huchanganywa na nikeli, na wako watu ambao nikeli huwawasha hadi kidole kikababuka.

Kwa bwana, karati 14, bapa, isiyo na kona. Hiyo 9 ni ngumu, lakini jasho na mafuta ya kazi huifanya iwe nyeusi upesi. Ila neno langu kubwa kwake ni hili: akiwa chini ya boneti, pete isiwe kidoleni. Spana na pete vikigusana kwenye ncha ya betri, umeme wote utapita hapo, na pete itakuwa moto kabla hajavuta mkono. Niliwahi kuletewa makanga aliyeruka kutoka matatu ikiwa bado inatembea, pete ikanasa kwenye mlango. Kidole kilivimba mno, ikabidi niikate kwa msumeno. Alikuwa na bahati, wengine huchunika nyama yote. Wala asiivae shingoni kwa mkufu, feni ya injini haichagui. Aiache nyumbani asubuhi, aivae jioni akishanawa.

Moja bado: vipimo. Msipime vidole sasa Julai, Nairobi ikiwa na baridi hii, halafu mkaenda kuvalishana Kisumu Desemba kwenye joto. Vidole hunywea kwa baridi. Pimeni jioni, baada ya kutembea, na mpime kwa pete ya upana ule ule mtakaonunua, maana pete pana hubana kuliko nyembamba. Ikipita kwenye fundo kwa kukaza kidogo, hiyo ndiyo. Pete isiyo na nakshi naweza kuipanua baadaye ukiwa mjamzito. Iliyozungushiwa mawe pande zote, nitakuvunja moyo.

Na risiti iandikwe karati na uzito, si "pete moja" tu.

SWALI: Fundi, mama yangu marehemu aliniachia pete ya karati 22, gramu 6. Nataka iyeyushwe zitoke pete mbili za karati 18, yangu na ya mume wangu. Inawezekana? — Msomaji, Buruburu

JIBU: Pole kwa kuondokewa na mama. Inawezekana, na hesabu yake ni rahisi. Gramu 6 za karati 22 zina dhahabu safi gramu 5.5. Ukizishusha hadi karati 18 unapata gramu 7.3 hivi, toa kidogo kinachopotea kwenye moto na tupa. Ukigawa mara mbili kila pete haifiki hata gramu 4. Yako itakaa vizuri ikiwa nyembamba kwa upana. Ya mume, kama kidole chake ni kinene, ongezeni gramu moja au mbili.

Kabla ya hapo fundi aipime karati kwa jiwe la kupimia dhahabu na tindikali. Usitegemee sumaku: dhahabu haivutwi na sumaku, lakini shaba nayo haivutwi. Pete za zamani pengine zilitiwa lehemu ya karati ya chini, na namba iliyopigwa ndani haitakuonyesha.

Ipimwe uzito mbele yako, iyeyushwe mbele yako, na kile kidonge cha dhahabu iliyoyeyuka kipimwe tena kabla ya kuongezwa chochote. Fundi akikwambia umwachie urudi kesho, chukua pete ya mama upande matatu ya Buruburu.