Nyuzi ngapi ni salama kwa rangi ya gari unapopiga polishi kwa mashine?

Mkuu, umesema kipimajoto chako cha kulenga kama bastola kilisoma nyuzi 52 kwenye boneti, ukazima mashine kwa hofu ya kuunguza klia, ule utando angavu wa juu unaolinda rangi. Napiga polishi hapa Dar mwaka wa tisa sasa, nakujibu kwa yale yaliyonipata.

Nyuzi 52 kwenye bati si balaa. Rangi ya kupuliziwa upya gereji hukaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 60 hivi, na gari jeusi likikaa juani saa saba mchana linaweza kufika hapo bila kuguswa na mtu. Mimi kwenye bati naishia 50 hadi 55, kwenye plastiki 45. Ila namba peke yake isikutoshe. Kipimajoto kinasoma baada ya sponji kupita. Chini ya sponji inayozunguka joto lilikuwa kubwa kuliko hapo. Na usikilenge kwenye kromu, kinadanganya.

Ninachofuata zaidi ni kasi ya kupanda. Napima kabla sijawasha, gari likiwa kivulini. Ikianza 30 ikafika 42 baada ya kupita mara nne, naendelea. Ikiruka hadi 48 kwa kupita mara mbili tu, basi nimekandamiza mno, au sponji imejaa kompaundi (dawa ya kusugulia) iliyokauka. Nabadilisha sponji, napunguza mzunguko, nahamia upande mwingine huku hapo pakipoa.

Bampa ndilo lililonifundisha. Ilikuwa IST nyeusi ya mteja. Boneti imetoka safi, nikaingia kona ya bampa na rotari, mashine ya polishi inayozungusha sponji mahali pamoja, kwa mwendo uleule. Plastiki haisambazi joto kama bati, linabaki palepale. Harufu ndiyo iliyotangulia. Kuinua mashine, nikakuta doa la ukubwa wa sarafu, klia imejikunja kama utando wa maziwa ya moto. Nilimlipia kupuliziwa bampa zima. Tangu siku ile kona na kingo zote nazibandika tepu ya karatasi kwanza, maana hapo klia huwa nyembamba, halafu namalizia kwa mkono.

Kama huna kipimajoto, weka mgongo wa kiganja. Ukihesabu hadi tano bila kutamani kuutoa, endelea.

Kuna jambo moja hukuligusia: puti, ile dawa nzito ya kujazia mabonyeo ya bodi. Magari yetu mengi yameshanyooshwa, na puti iliyo chini ya rangi inazuia joto lisishuke kwenye bati. Sehemu hiyo ihesabu kama plastiki, 45 basi. Kabla hujarudi kwenye boneti yako, igonge kwa kidole pale iliposoma 52: bati tupu linalia, penye puti panatoa mlio mzito uliokufa. Sumaku nayo itashika kwa unyonge. Ukikuta puti, ulifanya vema kuzima.